Uwanja wa hoki ujengwe wapi?

Swali: Mji wetu hapa Minnesota unataka ukumbi mpya wa hoki ya barafuni ili tupate mashindano ya vyuo. Tujenge katikati ya mji au kando ya barabara kuu, ambako ardhi ni rahisi?

Jibu: Jengeni katikati ya mji. Barafu ni ile ile popote, futi 200 kwa 85, lakini mashabiki wa vyuo hutoka mbali, hulala na kula. Saint Paul imeandaa fainali za kitaifa mwaka 2002, 2011, 2018 na 2024, na ukitoka ukumbini pale unafika hotelini kwa miguu.

Mji mdogo ulenge mashindano ya kanda. Hapo hukutana timu nne, na mbili hufungasha virago baada ya mechi moja tu. Mashabiki wao huondoka nao, na viti vya fainali hubaki vitupu msipokuwa na vyuo vya hoki jirani. Kwa hiyo viti 8,000 vilivyojaa ni bora kuliko 18,000. Tena, kabla ya kununua kiwanja, kubalianeni na chuo kitakachokuwa mwenyeji. Bila mwenyeji, maombi yenu hayatafika mbali.