Ubuntu Ndani ya Windows: Mafunzo Niliyopata Kati ya Masasi na Newala

Korosho za huku kwetu siku hizi hunadiwa kwa mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa la TMX, lakini vijana wengi ninaowafundisha Masasi na Newala kompyuta wanayoijua ni ya steshenari tu, na mwenyewe hataki iguswe. Ana haki. Ndiyo maana naipenda mashine pepe. Programu ya bure ya VirtualBox hutengeneza kompyuta ya pili ndani ya ile ya kwanza. Humo unaweka mfumo endeshi wa Ubuntu, unauchokonoa, hata unaufuta, na Windows ya mwenye mali inabaki salama.

1. Sakinisha Masasi, kisha panda nayo Newala. Faili la Ubuntu 24.04 lina karibu GB 6, na kulipakua upya kwa kila kompyuta ni kuteketeza bando. Pakua mara moja, sakinisha kwenye mashine pepe moja, kisha itoe yote kama faili la OVA. Ukifika Newala unaliingiza kwenye VirtualBox ya pale, Ubuntu inawaka ikiwa tayari. Kikwazo huwa ni flashi. Nyingi za GB 32 kushuka chini hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa FAT32, usiopokea faili linalofika GB 4. Windows itakuambia faili ni kubwa mno, na flashi iko tupu! Watu huirudisha dukani wakidhani wameuziwa feki. Ni nzima. Ifomati kwa exFAT, kazi ya dakika moja.

2. Ukiona VirtualBox inakupa mifumo ya biti 32 pekee, usiilaumu Ubuntu. Kompyuta nyingi za mtumba huja uwezo wa kuendesha mashine pepe ukiwa umezimwa kwenye BIOS. Zima, washa, bonyeza F2 au F10 kulingana na kampuni, tafuta VT-x kwa Intel au SVM kwa AMD, washa, hifadhi.

3. Mashine pepe isipewe zaidi ya nusu ya ramu ya kompyuta. Kwa kompyuta ya GB 4, achana na Ubuntu kamili, weka Lubuntu, ambayo ni nyepesi zaidi.

4. Umeme ukikatika na betri imechoka, mashine pepe huzimika katikati ya kuandika, na diski yake, ambayo ni faili tu, inaweza kuharibika. Kila usakinishaji ukikamilika, izime mashine pepe na uchukue snapshot. Kesho ikigoma, unairudisha ilivyokuwa jana. Ila snapshot hutegemea diski ileile, kwa hiyo si nakala ya akiba. OVA yako itunze pembeni. Kwa maoni yangu hili la snapshot ndilo la kufundisha kwanza, kwa sababu mwanafunzi anayejua kuna kurudi nyuma hujaribu vitu bila woga.

5. Kiswahili cha kwenye kompyuta kinahitaji watu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza lugha yetu. Kazi ile ilikuwa kubwa, na inastahili warithi. Tafsiri za Ubuntu hufanywa na watu wa kujitolea kupitia Launchpad, na kujiunga ni bure. Kijana wa Newala au Masasi unayesoma hapa, mashine pepe yako ikishawaka, fungua akaunti na uanze na menyu moja.