Uchaguzi wa Provencher

Katika inchi ya Kanada kuna jimbo liitwalo Manitoba. Zamani lilikuwa mpaka wa mbali: mbuga pana za majani, nyati wengi, watu wachache. Kando ya mto Rivière Rouge, ni kusema Mto Mwekundu, walikaa Wametisi. Wazee wao wa kiume walikuwa Wafaransa. Wa kike walikuwa wenyeji wa inchi. Padri Joseph-Norbert Provencher alifika kwao mwaka wa 1818. Akajenga kanisa na shule, kisha akawa askofu wao.

Mwaka wa 1869 serikali ya Kanada ilitaka kuitawala inchi ile, lakini haikuwauliza wenyeji. Wametisi wakakataa. Mkubwa wao alikuwa Louis Riel, kijana aliyesoma kwa mapadri huko Montréal. Walidai haki zao, na mwaka wa 1870 sheria iliifanya Manitoba kuwa jimbo. Lakini katika ugomvi ule watu wa Riel walimhukumu mpinzani wao, Thomas Scott, wakampiga risasi akafa. Wengi wakataka Riel aadhibiwe. Askari wa Kanada walipofika, akakimbia.

Mwaka wa 1871 Manitoba ilikuwa na sehemu nne za uchaguzi. Kila sehemu ilichagua depite mmoja, ni kusema mjumbe wa kwenda katika Bunge la Ottawa. Sehemu moja yenye Wametisi wengi ikaitwa Provencher, jina la yule askofu. Wanawake hawakupiga kura siku zile. Depite wa kwanza alikuwa Pierre Delorme, Mmetisi.

Mwaka wa 1872 Riel alitaka kuchaguliwa. Ndipo ikaja habari kwamba waziri George-Étienne Cartier ameshindwa huko Montréal. Riel akamwachia nafasi, akitumaini kupata msamaha kwa msaada wake. Cartier akachaguliwa pasipo mshindani. Lakini alikuwa mgonjwa, na mwaka wa 1873 akafa London. Msamaha haukuja.

Basi watu wakamchagua Riel mwenyewe. Hakuthubutu kwenda Bungeni, maana aliogopa kukamatwa. Mwanzoni mwa mwaka wa 1874 wakamchagua tena. Riel akaenda Ottawa kwa siri, akaandika jina lake katika kitabu cha wadepite, akatoka upesi. Mwezi wa nne Bunge likamfukuza. Mwezi wa tisa watu wakamchagua mara ya tatu! Mwaka wa 1875 alipewa msamaha, lakini kwa sharti la kukaa miaka mitano nje ya inchi. Kiti chake akakipoteza.

Mwaka wa 1885 Riel aliongoza vita ya Wametisi huko Saskatchewan. Akashindwa, akanyongwa. Mwaka wa 1992 Bunge la Ottawa lilimtambua kuwa mwanzilishi wa Manitoba.

Watoto, fikirini vema. Mara tatu watu wa Provencher walisema neno lao kwa uchaguzi, si kwa bunduki. Lakini kiti chao kilikaa kitupu, na hakuna aliyewasemea. Haitoshi watu kuchagua. Mteule wao lazima aweze kukaa na kusikiwa.

Maulizo

1. Jina la Provencher lilitoka kwa nani?
2. Kwa nini Riel alimwachia Cartier nafasi?
3. Riel alichaguliwa mara ngapi? Mbona hakukaa kitini?