Mvuke wa Sufuria na Mteremko wa Nyabugogo

Mara hii nataka tutazame jambo la kila siku, nalo ni nguvu tunayoinunua kwa fedha zetu: makaa nyumbani, petroli barabarani. Watu husema, "Punguza matumizi," lakini hawasemi upunguze wapi. Kwetu Nyamirambo nimeona watu wakibana pasipofaa kubanwa, na huku wakimwaga kwingine bila kujua.

Nitaanza na jikoni. Mama yangu huchemsha maharage na kuwauzia majirani wanaorudi kazini jioni wamechoka. Ada yangu ya shule hutoka humo, kwa hiyo gunia la makaa likipanda bei mimi ni wa kwanza kusikia. Mama, kama akina mama wengi, aliamini kuwa moto mkubwa huivisha upesi. Mbabura yetu (ndugu zetu wa Tanzania husema jiko la makaa) ilijazwa mpaka juu, sufuria ikachemka kwa kishindo bila kifuniko, na kila baada ya muda maji yakaongezwa.

Sasa sikilizeni somo lenyewe. Maji yakiisha kuchemka hayazidi tena joto, hata ukiyawekea moto wa tanuri. Pwani, kama Mombasa au Dar es Salaam, huchemka kwa digrii 100. Huku Kigali tuko juu, kadiri ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwa digrii 95 hivi. Ndiyo sababu maharage yetu hukawia kuiva kuliko ya pwani, si kwamba ni makaidi. Basi moto unaozidi baada ya hapo huenda wapi? Hugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke huenda zake dirishani.

Tupige hesabu. Lita moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande digrii moja. Kutoka digrii 20 mpaka 95 ni digrii 75, yaani kilojuli 315. Lakini kuigeuza lita hiyo hiyo, iliyokwisha chemka, iwe mvuke yote, kwataka kilojuli 2,270 hivi. Gawanyeni wenyewe: lita moja iliyopotea hewani imekula joto la kuchemsha lita saba za maji baridi! Nilipoiona hesabu hii katika daftari langu nilidhani nimekosea nukta, nikarudia mara mbili.

Nikamwomba Mama ruhusa ya kujaribu. Akasema, "Haya mwanangu, lakini yakiharibika utayala wewe, wiki nzima." Usiku niliyaloweka maharage. Asubuhi niliyabandika kwa moto wa kutosha. Yalipoanza kutokota nikafunika, nikaondoa makaa mengine na kuyatia katika debe lenye kifuniko yazimike, nikaacha machache tu ya kuyafanya maji yacheze polepole. Makaa nilipima kwa kopo la maziwa. Siku zote Mama hutumia makopo tisa. Siku ile yalitosha matano. Sidai kuwa kila nyumba itapata hivyo, maana kuloweka peke yake kulisaidia sana, nayo mbabura yetu ni ya bati tupu. Yenye udongo wa kuchomwa ndani yake, kama yale majiko yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hushika joto vizuri zaidi. Mama alionja, akanyamaza, akaonja tena. Tangu siku hiyo kifuniko hakikai mbali na sufuria.

Lakini kuna akiba moja ya makaa ambayo ni kifo. Wengine, siku za baridi, huingiza mbabura chumbani na kufunga mlango ili makaa yaliyobaki yasipotee bure. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, inayoizuia damu kuchukua oksijeni. Mtu hulala asiamke.

Tutoke sasa barabarani. James Joule, yule Mwingereza ambaye jina lake ndilo tunalotumia kupimia, alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba kazi hugeuka kuwa joto kwa kipimo kisichobadilika. Kwa hiyo twaweza kulinganisha sufuria na pikipiki. Tuseme pikipiki, dereva na abiria wake ni kilo 260. Kuwapandisha mita 100 juu ni 260 mara 9.8 mara 100, yaani kilojuli 255 hivi. Basi joto la ule mvuke wa lita moja, kama lisingepotea hata kidogo, lingewapandisha karibu mita 900! Mashine ya namna hiyo haipo, najua. Hata injini ya petroli hutupa kadiri ya robo tatu ya nguvu yake kuwa joto, na aliyewahi kuunguzwa mguu na bomba la moshi hahitaji kuambiwa.

Kaka yangu ni dereva wa moto (ndivyo tuitavyo pikipiki za abiria Kigali, neno la Kifaransa, wala si moto wa mbabura). Alikuwa na desturi ya kuzima injini kila anaposhuka kutoka Nyamirambo kwenda Nyabugogo ili aokoe petroli. Injini ikiwa katika gia husaidia kuzuia gurudumu. Ukiizima na kuiacha huru, mzigo wote huangukia breki, nazo zikipata joto hulegea. Siku moja ya mvua alishindwa kona. Abiria alichubuka mikono, na kaka akavunjika mtulinga, akakaa nyumbani wiki sita bila kipato. Petroli aliyoiokoa katika mteremko ule haijazi kikombe cha chai.

Palipo na akiba ya kweli ni kwingine: matairi yajazwe upepo ipasavyo, mnyororo utiwe mafuta, na dereva asikimbie kwa nguvu ili afunge breki kwa nguvu, maana kila breki hugeuza mwendo aliokwisha ununua kuwa joto la bure. Pikipiki za umeme zilianza kubeba abiria Kigali mwaka 2019, na baadhi yake zikiteremka hurudisha sehemu ya nguvu hiyo katika betri. Kaka anaitamani moja. Kwa sasa hushuka na gia ya pili, injini ikinguruma.

Wadogo zetu wa mwaka wa pili nawaachia hesabu. Mwanafunzi wa kilo 60 apanda kwa miguu kutoka bondeni, mita 150 juu. Ni kilojuli ngapi, na joto hilo lingegeuza maji kiasi gani yaliyokwisha chemka kuwa mvuke? Majibu yaletwe kwa mhariri kabla ya likizo.