Maji Yanapokupwa Paje

Swali: Kwa nini bahari ya Paje, kusini mashariki mwa Unguja, hutoweka mchana, na mgeni aogelee lini?

Jibu: Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwa kuwa ufuo wa Paje ni tambarare hadi kwenye mwamba wa matumbawe ulio mbali, yakitoka huacha mchanga mtupu, ambako wanawake huhudumia mwani waliofunga kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kina hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, yaani katikati ya bamvua moja na nyingine, tofauti hiyo hupungua sana. Basi mgeni aogelee maji yakijaa, na yakipwa atembee na viatu, maana shokomzoba wana miiba mikali, wala asikanyage kamba za mwani, ambazo ni shamba la mtu.