Santuri za Mzee Zinauzwa Pesa Ngapi? Jua Bei ya Haki Kabla Hujapokea Malipo

Mzee ametuacha, na chini ya kitanda chake kuna katoni mbili za santuri. Mnunuzi anapigiwa simu, anafika jioni hiyo hiyo, anazipekua kwa dakika kumi kisha anasema, "Zote nitawapatia elfu tatu. Natuma saa hii." Ndugu zako wote wanakuangalia wewe.

Ukikubali haraka, huenda umeuza urithi wa familia kwa bei ya kutupa. Ukikataa kwa sababu uliona santuri moja mtandaoni imewekwa dola 200, huenda katoni zirudi chini ya kitanda zikae huko miaka mingine kumi. Kwa hivyo, bei ya haki utaijuaje?

Kwanza, bei ya haki ni gani?

Ni ile bei ambayo muuzaji aliye tayari kuuza na mnunuzi aliye tayari kununua wangekubaliana, wote wawili wakijua mali ikoje na hakuna anayesukumwa. Si bei unayotamani, wala si bei ambayo mtu ameandika kwa tangazo lake. Kuandika 20,000 ni bure, kazi ni kumpata wa kulipa.

Hatua ya 1: Jua ulicho nacho

Toa santuri moja moja. Kubwa za inchi 12 mara nyingi ni albamu nzima. Ndogo za inchi 7 huzunguka mara 45 kwa dakika na kwa kawaida zina wimbo mmoja kila upande. Ukipata za 78, zishike kwa makini kwa sababu nyingi huvunjika kama sahani ya kauri.

Andika jina la msanii, lebo na namba iliyochapishwa kwenye karatasi ya katikati. Kisha angalia ile sehemu laini karibu na karatasi hiyo, utaona herufi na namba zimechongwa. Hizo husaidia kujua kama ni toleo la kwanza au la kurudiwa. Wimbo ni ule ule, lakini bei inaweza kuwa tofauti sana.

Hatua ya 2: Pima hali yake bila upendeleo

Iinamishe chini ya taa, uangalie mikwaruzo, uiweke usawa wa macho uone kama imepinda, halafu uicheze. Wafanyabiashara wa santuri hutumia alama: M ni mpya kabisa, NM karibu mpya, VG+ ina alama ndogo tu, VG ina kelele zinazosikika. Usidanganywe na G. Kwa Kiingereza inasimamia "Good", lakini kwa santuri inamaanisha imechoka. Jalada hupewa alama yake pekee.

Kwa makadirio ya kawaida, VG+ huenda kwa kama nusu ya bei ya NM, na VG kwa kama robo. Hapa ndipo wengi wetu hujidanganya, kwa sababu santuri iliyochezwa kila Krismasi kwa miaka 20 si "karibu mpya", hata kama mzee aliipenda sana.

Hatua ya 3: Tafuta bei zilizolipwa kweli

Tovuti ya Discogs huonyesha historia ya mauzo ya matoleo mengi. Tafuta toleo lako hasa kwa kutumia zile namba. Tuseme umepata mauzo matano ya santuri zilizokuwa NM, na ukibadilisha kwa shilingi ni: 2,800, 3,500, 4,000, 4,200 na 9,000.

Wastani ni 4,700, lakini huo umevutwa juu na mtu mmoja aliyelipa 9,000. Chukua bei ya katikati, yaani 4,000. Yako ni VG+, kwa hivyo kadiria 2,000. Angalia pia tarehe, maana mauzo ya miaka mingi iliyopita hayakuambii mengi kuhusu leo.

Kumbuka pia kwamba kupendwa na kuadimika si kitu kimoja. Jim Reeves alipendwa kwa nyumba nyingi Kenya, ndiyo maana santuri zake bado ni nyingi na haziendi bei kubwa. Lakini santuri ya 45 ya benga kutoka lebo ndogo ya River Road ya miaka ya 1970, iliyochapishwa chache, inaweza kutafutwa na watu hadi Ulaya. Usiiache kwa katoni eti kwa sababu msanii humjui.

Hatua ya 4: Ondoa gharama

Kuuza nje kuna ada ya tovuti, kufunga vizuri na posta. Kumuuzia mfanyabiashara hapa Nairobi ni haraka, lakini yeye atasafisha, atalipia kibanda na atangoje mteja. Akikupa 1,000 kwa ile ya 2,000, si lazima awe tapeli. Uliza wanunuzi wawili au watatu kabla ya kuamua.

Hatua ya 5: Malipo

- Kama wewe ndiye unanunua, usitume "deposit" kwa santuri ambayo hujaona wala kusikia. Soma jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha malipo.
- Kama unauza, angalia salio lako mwenyewe. Usiamini ujumbe unaoonyeshwa kwa simu ya mnunuzi, wala usimpe mtu PIN yako eti ndiyo pesa iingie.
- Weka ujumbe wa malipo pamoja na orodha ya santuri zilizouzwa. Siku ndugu wakiuliza pesa zilienda wapi, jibu liko.

Sasa turudi kwa ile elfu tatu

Mwambie mnunuzi akupe siku tatu. Piga hesabu ya zile kumi zinazoonekana adimu, zilizobaki uziuze kwa jumla. Ukipata santuri moja tu ya 2,000, ile elfu tatu kwa katoni mbili huenda ni kidogo. Ukikuta zote zimekwaruzwa na ni za kawaida, ichukue na umshukuru. Na ile moja ambayo mzee aliicheza kila Jumapili? Hiyo mnaweza kubaki nayo.