Reli na Mlango: Zana ya Kufundishia Ulengaji

Katika makala haya tunakusudia kueleza zana moja rahisi ambayo mwanachuo anaweza kuitengeneza mwenyewe katika shule yoyote ya Handeni au Korogwe anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Asili yake ni mchezo wa gofu, yaani lile pigo la mwisho ambalo mchezaji husukuma mpira taratibu juu ya ardhi mpaka uingie shimoni. Huenda mwanachuo akauliza: gofu na Handeni wapi na wapi? Ni kweli kwamba viwanja vinavyofahamika zaidi viko mbali, kama vile Lugalo na Gymkhana jijini Dar es Salaam. Lakini watoto wetu huchimba vishimo na kucheza gololi hata kabla ya kuanza shule, na kazi ya jicho na mkono ni ile ile.

Mwalimu mwenye watoto sitini na mpira mmoja husimama pembeni akisema, "Lenga vizuri!" Kauli hiyo haifundishi kitu. Mtoto aliyekosa alikwisha kulenga kadiri ya uwezo wake. Asilolijua ni mahali kosa lilipoanzia. Akikosa mara tano bila kuelezwa sababu, huamini kwamba hana kipaji, akajitenga na wenzake wakati wa michezo. Mtoto huyo ndiye tuliyemkusudia hasa.

Kwanza pata mabua mawili makavu yaliyobeba maua ya mkonge. Wilayani Korogwe hayana taabu kupatikana karibu na mashamba kama Magunga au Ngombezi. Ni mepesi, yamenyooka, na hukatika kwa panga. Kata vipande viwili vya sentimita 80, uvilaze sambamba juu ya ardhi iliyofagiliwa, vikiachana kiasi cha kupitisha kichwa cha fimbo na unene wa kidole kila upande. Hizo ndizo reli. Fimbo yenyewe ni mti ulionyooka, uliopigiliwa kibao mwishoni. Mpira ukae katikati ya reli. Mbele yake, sentimita 50, chomeka vijiti viwili vyepesi vilivyoachana sentimita 6. Huo ndio mlango. Shimo lichimbwe mita 3 kutoka kwenye mpira, upana wake sentimita 10.8, ambao ndio upana wa shimo la gofu duniani kote.

Vipimo hivi havikuchaguliwa ovyo, na mwalimu wa hisabati atafurahi kuvitumia. Mpira wa gofu una kipenyo cha sentimita 4.3 hivi. Ukipita katikati ya mlango, hubaki nafasi ya sentimita 0.85 kila upande. Mita 3 ni mara sita ya sentimita 50. Kwa hiyo mpira uliopotoka sentimita 0.85 mlangoni utakuwa umepotoka sentimita 5.1 ufikapo shimoni. Nusu ya upana wa shimo ni sentimita 5.4. Basi mpira uliopita bila kugusa vijiti, ardhi ikiwa sawa na nguvu ikiwa ya kiasi, umo njiani kuingia. Kijiti kikianguka kulia, mtoto anajua papo hapo kwamba uso wa fimbo ulielekea kulia, wala hahitaji kumngoja mwalimu.

Mpira wa matambara haufai hapa, kwa kuwa hauviringiki sawasawa, na mtoto ataadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Afadhali mpira mkuukuu wa tenisi, ambao una kipenyo cha sentimita 6.7 hivi, mlango uwe sentimita 8.4 na shimo lipanuliwe. Ardhi nayo ina mambo yake. Kiangazi cha Handeni huikausha ikawa ngumu, mpira ukaenda mbio. Penye majani mpira huchoka upesi. Katika nchi kame wachezaji wa gofu walitumia mchanga uliochanganywa na mafuta badala ya majani, wakausawazisha kila baada ya kucheza. Kwetu ufagio unatosha. Mlango hausemi lolote juu ya nguvu ya pigo. Kwa hiyo chora mstari wa majivu nusu mita nyuma ya shimo, na mpira usiuvuke.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kuiondoa zana. Mwaka 1984 Salmoni, Schmidt na Walter walichapisha mapitio ya tafiti za kujifunza stadi za mwili, wakaonyesha kwamba mwanafunzi anayepewa taarifa ya kosa kila mara hufanya vizuri wakati wa mazoezi, lakini huweza kushindwa taarifa hiyo ikikoma. Kwa hiyo baada ya mapigo kumi ondoa reli, ubakize mlango. Kisha ondoa mlango, mtoto apige mara tatu, na kabla hajainua macho aseme mpira umekwenda upande gani. Jibu lake litakuonyesha alichojifunza kuliko idadi ya mipira iliyoingia.

Kwa darasa kubwa tengeneza vituo sita, kila kimoja watoto kumi: mmoja apige, wawili wasimamishe vijiti, mmoja arudishe mpira, mmoja aandike, na waliobaki wangoje zamu wakikisia upande utakaoangushwa. Baada ya kipindi mabua yatundikwe darini, maana yakilala chini usiku mmoja tu mchwa watayaanza.