Dondoo muhimu: Vipuri vya paneli ya mbele

Kwa kompyuta ya kutundikwa ukutani Usenge, chanzo bora ni kasha kuukuu la kompyuta ya mezani: swichi, taa na matundu ya USB huja na nyaya zake. Mafundi wa Kisumu hawakosi kasha kama hilo. Vipuri vipya hutafutwa Luthuli Avenue, Nairobi. Swichi iwe ya kubonyezwa ikarudi yenyewe. Ile ya taa za nyumbani haifai kabisa. Plagi za USB 2.0 na za sauti zote hubeba pini 9, ila tundu lililozibwa si lilelile, na kulazimisha huweza kuunguza bodi. Kipenyo cha swichi, mara nyingi milimita 16 au 19, hupimwa kabla ya kutoboa. Kando ya ziwa, kama Usenge, alumini hustahimili unyevu kuliko bati tupu.